Mjadala wa Kiwanda, Daraja na Programu

Watu wanaoagiza programu za kompyuta kwa haja zao wenyewe, ziwe za hesabu za chama, za ghala, za hospitali au za halmashauri, aghalabu huanza kwa furaha na kuishia katika manung'uniko; na manung'uniko hayo, hata yakitolewa kwa ndimi mbalimbali, hurejea daima kwenye swali moja: kwa nini gari na jokofu huuzwa kwa bei iliyotangazwa na kukabidhiwa siku ileile, na daraja hupewa tarehe ambayo mjenzi wake huona haya kuivuka, ilhali programu iliyoagizwa haina bei ya yakini wala siku ya yakini, na ikifika hufika na kasoro ambazo muuza majokofu asingethubutu kumkabidhi mtu? Swali hili ni la haki, na wanaolijibu kwa kumwambia muulizaji kwamba hajui mambo ya kompyuta wanamdhulumu, kwa kuwa alitoa fedha za watu wengine na atatakiwa kuzieleza.

Nimelipanga jibu lake kwa sauti tatu, maana hoja yenyewe ina pande tatu na sioni kalamu moja inayoweza kuzitetea zote kwa insafu. Wa kwanza ni Mweka Hazina wa chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa korosho, aliyeagiza programu na kulipa. Wa pili ni Mwandishi wa Programu, mwanamke kijana ambaye hiyo ndiyo kazi impayo riziki. Wa tatu ni Mhandisi, mzee aliyestaafu baada ya kutumia umri wake katika madaraja. Mimi nitaingia kati pale tu nionapo neno limeachwa bila kusemwa.

MWEKA HAZINA: Mimi si mtaalamu wa mitambo, wala sitajivika joho lisilo langu. Lakini najua kwamba Henry Ford alipotia mkanda wa kuunganishia magari katika kiwanda chake cha Highland Park mwaka 1913, kazi ya kuunganisha fremu ya gari moja, iliyokuwa ikila zaidi ya saa 12, ilishuka kabla ya kutimia mwaka hata ikawa kiasi cha saa moja na nusu; na gari lake la Model T, lililouzwa dola 850 lilipotoka mwaka 1908, liliuzwa kwa chini ya dola 300 katikati ya miaka ya 1920. Hiyo naielewa: maarifa yanazidi na gharama inapungua. Sisi tuliagiza programu ya kutunza hisa, akiba na mikopo ya wanachama. Kampuni tuliyoipa kazi ilitaja muda. Muda ukapita, ikaomba mwingine. Na huo ulipopita ikaomba fedha, ikatuambia kwamba matakwa yetu yamebadilika. Sikatai kwamba yalibadilika. Nauliza tu: kompyuta ina zaidi ya miaka 70 duniani, basi ni lini ninyi mtatia mkanda wenu?

MWANDISHI WA PROGRAMU: Mkanda huo, Bwana Mweka Hazina, tunao, tena ni mwepesi kuliko wa Ford. Programu ikishaandikwa, mashine yenyewe huyageuza maandishi kuwa kitu kinachotenda kazi, kwa dakika chache. Na nakala ya pili, na ya mia, na ya milioni hutoka bila chuma, bila mpira na bila jasho la mtu. Uzalishaji kwetu umekwisha kuwa kama bure. Kilichosalia ni kile ambacho Ford alikifanya kabla ya mkanda, yaani kufikiri. Kabla ya T kampuni yake ilikuwa imetoa magari ya herufi nyingine, kuanzia A ya mwaka 1903, ikaja B, na C, na F, na K, na N, na R, na S, na kwa hayo ilijifunza kipi huvunjika na kipi hudumu. Gharama ya kujifunza huko iligawanywa kwa magari kiasi cha milioni 15 ya Model T yaliyotengenezwa mpaka mwaka 1927, hata kila mnunuzi akalipa sehemu asiyoihisi mfukoni. Chama chako kiliagiza gari moja, la namna ambayo haijapata kuwako, kikatazamia kulilipia kwa kima cha mtu mmoja katika milioni 15.

Hapa naomba nafasi ya kwanza. Hoja aliyoitoa binti huyu iliandikwa mwaka 1992 na Mmarekani Jack Reeves, aliyesema kwamba maandishi ya programu ndiyo mchoro wa mhandisi, na kwamba ujenzi ni ile kazi ndogo inayofanywa na mashine baada ya mchoro kukamilika. Sijui sentensi nyingine katika fani hii iliyoondoa giza kubwa kuliko hiyo, na nasikitika kuona jinsi wakubwa wengi wa maofisi wanavyoendelea kuwasimamia waandishi wa programu kama kwamba wamesimama kwenye mkanda, wakihesabu mistari waliyoandika kwa siku, ilhali hakuna mwenye akili aliyewahi kumpima mchora ramani ya nyumba kwa urefu wa wino aliomwaga. Anayelinganisha programu ya kuagiza na gari lililo dukani analinganisha akili iliyo bado kazini na akili iliyokwisha maliza kazi yake zamani na kulipwa na wengine.

MHANDISI: Mwanangu, umesema vizuri, lakini umemjibu muuza magari, hukunijibu mimi. Mimi sikukaa kiwandani. Kila daraja nililolijenga lilikuwa moja, kwa kuwa hakuna mito miwili iliyo sawa, wala udongo wa ng'ambo hii haufanani na wa ng'ambo ile. Hata fundi wa jahazi wa Lamu au wa Unguja, asiyechora lolote katika karatasi, humjengea kila tajiri chombo chake, kikubwa au kidogo kwa haja ya mwenyewe, naye huweza kumwambia mbao ngapi na misimu mingapi. Basi upekee wa kitu hautoshi kuwa udhuru. Kinachotuwezesha sisi kukadiria ni kwamba tumekubaliana juu ya sehemu. Kabla Joseph Whitworth hajaleta kipimo kimoja cha nyuzi za skrubu mwaka 1841, kila karakana Uingereza ilikuwa na skrubu zake, na nati ya huku haikuingia kwenye bolti ya kule. Na ninyi mlikwisha ambiwa hayo. Oktoba ya mwaka 1968 watu kama 50 walikutana Garmisch, Ujerumani, katika mkutano uliodhaminiwa na NATO, wakakiri kwamba kazi ya programu iko katika shida, na Douglas McIlroy wa maabara za Bell akasimama akataka ziwepo sehemu za programu zinazozalishwa kwa wingi, ambazo mtu atazichagua katika orodha kwa ukubwa na kwa ubora, kama mimi nichaguavyo chuma. Tangu siku hiyo imepita zaidi ya nusu karne.

MWANDISHI WA PROGRAMU: Na sehemu hizo zimekuja, mzee wangu. Hakuna programu ninayoiandika leo ambayo sehemu yake kubwa haikuandikwa na wengine: ya kusoma tarehe, ya kuficha siri za mawasiliano, ya kuhifadhi hesabu. McIlroy alishinda. Lakini chuma chako kina fadhila moja ambayo chetu hakina, nayo ni kwamba ukikitoa katika daraja moja na kukitia katika jingine hakibebi ndani yake dhana za daraja la kwanza.

Akaeleza habari ya roketi ya Ariane 5, nami naiandika kwa urefu kwa kuwa ndani yake mna somo ambalo wahandisi wa vitu vya kushikika hulisikia kwa mshangao. Tarehe 4 Juni 1996 roketi hiyo iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, ikiwa imebeba satelaiti nne za utafiti zilizoitwa Cluster, na haikutimiza hata dakika moja ikapinda, ikavunjika na kulipuka. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions iliona kwamba kompyuta ya kupima mwelekeo ilikuwa ikitumia programu iliyochukuliwa kutoka Ariane 4, programu ambayo ilikuwa imefanya kazi kwa uaminifu katika safari nyingi za roketi hiyo. Mlikuwa na mahali ambapo namba ya biti 64 iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16. Katika Ariane 4 namba hiyo haikuweza kukua ikazidi chombo chake, na waandishi walikuwa wamelithibitisha hilo kwa hesabu, lakini Ariane 5 ilikwenda mbio zaidi kwa upande katika sekunde zake za mwanzo, na namba ikafurika. Tena hesabu yenyewe haikuwa na faida yoyote baada ya Ariane 5 kuondoka ardhini. Ilikuwa masalio ya haja ya roketi ya kale.

MHANDISI: Roketi ile ilikuwa na kompyuta mbili za namna hiyo, ya pili ikiwa ni akiba. Ilikuwa wapi?

MWANDISHI WA PROGRAMU: Ilikwisha kuanguka kabla ya mwenzake, mzee, kwa kosa lilelile, kwa tofauti ndogo kuliko sehemu moja ya kumi ya sekunde. Wewe ukiweka nyaya mbili za chuma mahali pa moja, hutegemea kwamba ufa wa huu si ufa wa ule, kwa sababu kila waya una kasoro zake ulizozaliwa nazo. Nakala mbili za programu moja hazina kasoro mbili. Zina moja, nayo iko mahali pamoja, ikingoja saa moja.

Mzee huyu alinyamaza kwa muda, na nadhani alinyamaza kwa haki. Nusu ya elimu ya uimara aliyoipata katika maisha yake imesimama juu ya msingi kwamba vitu huchakaa kila kimoja kwa wakati wake, na kwamba kwa kuongeza kipimo cha unene mtu hununua amani. Naye sasa anaambiwa juu ya kitu kisichochakaa kabisa, ambacho siku ya kwanza na siku ya elfu ni kilekile, na ambacho huvunjika kwa kukutana na hali ambayo mtungaji wake hakuiwaza. Hapo ndipo fani hizi mbili zinapoachana kwa hakika, na mtu anayesema kwamba programu ni uhandisi kama uhandisi mwingine wowote hana budi kwanza aeleze jinsi atakavyoongeza unene wa fikra.

MWANDISHI WA PROGRAMU: Na kwa kuwa umeleta makadirio, niruhusu nikuulize juu ya jumba la opera la Sydney.

MHANDISI: Uliza, ingawa najua uendako.

MWANDISHI WA PROGRAMU: Lilikadiriwa kugharimu dola milioni 7 za Australia na kumalizika mwanzoni mwa 1963. Lilimalizika mwaka 1973, kwa dola milioni 102. Hapakuwa na programu ndani yake.

MHANDISI: Hapakuwa na mchoro uliokamilika ndani yake, na hilo ndilo lililoliponza. Jørn Utzon alishinda shindano mwaka 1957 kwa umbo zuri la mapaa kama matanga, umbo ambalo yeye na ofisi ya Ove Arup hawakuwa bado wanajua jinsi ya kulijenga. Wanasiasa wakashurutisha ujenzi uanze mwaka 1959, na nguzo za chini zilizosimamishwa kabla uzito wa paa haujajulikana zikalazimika kujengwa upya. Lakini usiishie hapo, mwanangu, kwa maana waliomaliza kisa hiki katikati wamekipunja. Baada ya miaka ya kuhangaika na maumbo mengi, waliona kwamba mapaa yote yangeweza kukatwa katika tufe moja, lenye nusu kipenyo cha mita 75 hivi. Na kwa kuwa tufe lina mviringo uleule kila upande, mbavu zote za zege zingeweza kumiminwa katika kalibu zilezile, tena na tena, na vigae zaidi ya milioni moja vya kutoka Uswidi vingeweza kupangwa juu yake kwa vipande vilivyotayarishwa chini. Wingi wa kiwandani uliwezekana baada ya fikra kupata umbo lake. Msijivunie upekee. Utafuteni huo mviringo.

Namwunga mkono Mhandisi katika neno hili kwa moyo wote, nami naona kwamba limewapita wengi wa pande zote mbili. Kuna waandishi wa programu wanaoitukuza kila kazi kama kwamba ni ya kwanza tangu kuumbwa dunia, na kila chama cha akiba kikiwaendea hukiandikia upya hesabu ya riba iliyokwisha andikwa mara elfu. Na kuna wauzaji wa programu za tayari wanaotaka kila chama kijikunje kiingie katika sanduku lao. Watu wa namna ya mwisho wana hoja yenye nguvu, kwa kuwa tangu VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston ilipoanza kuuzwa mwaka 1979, majedwali ya hesabu yamekuwa ya kila mtu, na hakuna mfanyabiashara timamu anayeagiza jedwali lake peke yake. Swali la busara basi ni wapi kitu cha wote kinakoma na wapi haja ya mwenyewe inaanza. Nilimwomba Mweka Hazina alijibu, maana ndiye aliyekuwa nalo mkononi.

MWEKA HAZINA: Tulizitazama zilizo tayari kabla ya kuagiza. Zote zilidhani kwamba mkopaji hulipa kila mwezi, kwa tarehe, kwa kiasi kilekile. Mwanachama wetu hulipa korosho zikiuzwa. Chama cha msingi hupeleka mzigo ghalani, mnada hufanyika, fedha huja baada ya mnada, na makato ya mkopo hukatwa humo. Na mnada usipopata bei, au wakulima wakikataa bei, hukosa wote siku hiyo bila kosa la mtu. Programu ya tayari iliwahesabu watu hawa kuwa wadaiwa sugu na kuwapiga faini mwezi Mei, wakati maua ya mkorosho hayajatoka.

MWANDISHI WA PROGRAMU: Hapo ndipo haja yako inapoanza, na pengine ndipo inapokoma. Daftari la hisa, akiba, ruhusa za makarani, risiti, hayo yote ungeweza kuyapata yakiwa tayari. Ulichohitaji kufikiriwa upya ni deni linalofuata mnada. Nani katika kampuni ile alikuuliza habari ya mnada?

MWEKA HAZINA: Hakuna. Walileta fomu ya mahitaji, tukaijaza, tukatia sahihi. Mnada haukuwamo katika fomu, nami sikudhani kwamba ni jambo la kuambiwa mtu, kwa kuwa kwetu kila mtoto analijua.

Neno hili la Mweka Hazina, kwamba aliacha kulisema jambo kwa sababu kila mtoto analijua, ni kiini cha ugumu wote. Mahitaji ya mtu hayalali mahali fulani yakingoja kuandikwa. Mengi yamo katika desturi ambazo mwenye nazo amekwisha acha kuziona, na mengine hayapo kabisa mpaka kitu kitiwe mkononi mwake. Mfano mkubwa tulio nao katika Afrika Mashariki ni M-Pesa. Ilipoanza kujaribiwa Kenya mwaka 2005, kwa wateja wasiozidi 500 wa Nairobi na Thika, programu yake ilikuwa imeandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge, Uingereza, kwa agizo la Vodafone, na kusudi lake lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa shirika la Faulu kulipa marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Waliopewa hawakukaa ndani ya kusudi hilo. Wengine walilipia mikopo ya wenzao kwa malipo ya kazi. Wafanyabiashara waliweka fedha za mauzo usiku, mabenki yakiwa yamefungwa. Wasafiri waliziweka mwanzo wa safari na kuzitoa mwisho wake ili wasivamiwe njiani. Na watu walinunua muda wa maongezi wakawatumia jamaa wa mashambani. Machi 2007 Safaricom ilipoitangaza kwa umma, huduma iliyokuwa ya kulipa mikopo ilikuwa imekuwa ya kutumiana fedha. Hakuna fomu ya mahitaji ambayo ingeweza kuyajua hayo, na hati iliyokamilika ya mwaka 2005, kama ingefuatwa kwa uaminifu mpaka mwisho, ingetoa kitu kizuri ambacho watu hawakukitaka. Tena Vodacom ilipoleta huduma hiyo Tanzania mwaka 2008, haikushika kwa kasi ya Kenya katika miaka yake ya mwanzo. Jamii ilikuwa nyingine, miji na mawakala vilipangika kwa namna nyingine, na ilibidi mambo mengi yafikiriwe tena.

MWANDISHI WA PROGRAMU: Na ukishapata yote, hayakai. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, na mkondo wa bahari upitao chini yake una desturi zilezile tangu hapo. Chama chako kilitungiwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ikavitaka vyama vya akiba na mikopo viwe na leseni na vitoe taarifa kwa namna mpya. Hakuna mtu anayemwendea Mhandisi akamwambia asogeze nguzo mita mbili kwa sababu Bunge limekaa. Kwangu huja, na huniambia kwamba ni maandishi tu.

MWEKA HAZINA: Basi ongezeni watu.

MWANDISHI WA PROGRAMU: Frederick Brooks alisimamia mfumo wa OS/360 wa IBM, ambao kati ya 1963 na 1966 ulikula kwa kukadiria kwake miaka 5,000 ya kazi ya mtu mmoja mmoja, ukachelewa; naye katika kitabu chake cha mwaka 1975 akaandika kwamba kuongeza watu katika programu iliyochelewa huichelewesha zaidi. Mgeni lazima afundishwe, na wa kumfundisha ni yuleyule aliyekuwa akiandika.

Mhandisi alikuwa amesikiliza haya yote kwa adabu, na nilipodhani kwamba amekubali, akaleta jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote yaliyotangulia.

MHANDISI: Nakubali kwamba kazi yenu ni kufikiri, kwamba chuma chenu hakichakai, na kwamba mwenye kuagiza hajui alitakalo mpaka alione. Nakubali hata kwamba sisi tulibahatisha mengi. Daraja la Tacoma Narrows lilifunguliwa Julai 1940 na kuanguka tarehe 7 Novemba mwaka huohuo, kwa upepo usiozidi kilomita 70 kwa saa, kwa kuwa wakubwa wa fani yetu walilifanya jembamba kwa kufuata nadharia waliyoiamini. Lakini tazama kilichofuata: sura ndogo za madaraja zikapelekwa katika vyumba vya upepo, na tangu hapo hakuna anayelijenga daraja refu la kuning'inia bila kulipima hivyo. Daraja la Quebec lilianguka mwaka 1907 likaua wafanyakazi 75, na tume ya kifalme ikawataja wahandisi kwa majina, akiwamo Theodore Cooper aliyekuwa akilisimamia kutoka New York. Nchini Tanzania tuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi iliyowekwa kwa sheria ya 1997, na mimi nikitia sahihi mchoro, jina langu linafuatana nao mpaka kaburini. Kwenu jina liko wapi? Posta ya Uingereza ilianza kueneza mfumo wa Horizon mwaka 1999, ulioundwa na ICL, ambayo ilikuwa mali ya Fujitsu. Mfumo ukaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwako, na wasimamizi wa posta kwa mamia wakashtakiwa kwa wizi na hesabu za uongo. Wako waliofungwa, wako waliofilisika, wako waliokufa kabla ya kusafishwa majina. Na katika miaka hiyohiyo kifungu cha sheria kilichodai ithibitishwe mahakamani kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa kilifutwa, mahakama zikaanza kudhania kwamba mashine inasema kweli mpaka aliyeshtakiwa athibitishe kinyume. Desemba 2019 ndipo Jaji Fraser alipohukumu kwamba kasoro zilikuwapo na ziliweza kuleta upungufu ule, na mwaka 2024 ndipo Bunge lilipozifuta hukumu kwa jumla. Hayo si mambo ya makadirio ya bei.

MWANDISHI WA PROGRAMU: Sina la kutetea katika hilo, mzee. Lakini ukinitaka nitie sahihi, niambie natia juu ya nini. Mwaka 2014 ilionekana kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, maktaba ya kulinda siri za mawasiliano iliyotumiwa na tovuti nyingi mno duniani, na ikajulikana kwamba inatunzwa na watu wachache sana, wengi wao wa kujitolea. Zile sehemu za McIlroy ulizozitaka ndizo hizo. Chuma chako huja na cheti cha kiwanda. Yangu huja na tangazo kwamba mwandishi wake hadhamini chochote. Niape kwa ajili ya mtu nisiyemjua?

MHANDISI: Mimi pia sikuyeyusha chuma. Niliapa kwamba nimekipima.

Naona haki iko kwa Mhandisi, ingawa hoja ya binti ni ya kweli. Wale wanaosema kwamba programu haiwezi kulinganishwa na daraja wamepatia katika kila jambo ila hili, na hili ndilo lingekuwa la kwanza kuazimwa: mahesabu ya chuma hayatufai katika maandishi, wala mkanda wa Ford hautufai, lakini desturi ya kuchunguza anguko hadharani, ya kumtaja aliyepitisha, na ya kumlazimisha kila ajaye baadaye ajue sababu, haina chuma ndani yake. Inaweza kuhama kutoka fani moja hadi nyingine bila kupungua. Wanaofikiri kwa ujira juu ya deni la mkulima au uhuru wa msimamizi wa posta wanagusa maisha kama wanaoshikilia magari juu ya maji, na ugumu wa kazi yao, ambao nimeueleza kwa kirefu na kuusadiki, hauwapunguzii dhamana. Unawazidishia haja ya kusema mapema ni lipi wasilolijua.

Mweka Hazina alikuwa ametoa kalamu.

MWEKA HAZINA: Basi mkataba mpya nauandika hivi. Daftari la hisa na akiba tunanunua lililo tayari. Deni la mnada linaandikwa upya, kwa malipo ya kila miezi mitatu, na chama kinaweza kusimamisha kazi mwisho wa kila kipindi bila kushtakiwa. Karani wetu wa mikopo atakaa na waandishi muda wote, kwa mshahara wa chama. Maandishi ya programu ni mali yetu.

MWANDISHI WA PROGRAMU: Nakubali. Kila wiki mbili nitakuonyesha sehemu inayotenda kazi, hata ikiwa ndogo, na karani wako ataijaribu kwa madeni ya kweli ya msimu uliopita. Jina langu litakuwa chini ya hesabu ya makato na salio la mwanachama, kwa kuwa hizo nitaziandika na kuzipima mwenyewe. Sehemu zilizotoka kwa wengine nitaziorodhesha zote, na kuandika jinsi kila moja itakavyobadilishwa ikionekana na kasoro.

MHANDISI: Ongeza kifungu kimoja. Programu ikimwonyesha mwanachama kuwa anadaiwa, naye akakana, daftari la karatasi na neno lake vitazamwe kwanza, na mzigo wa kuthibitisha uwe wa chama.

MWEKA HAZINA: Kimeandikwa. Minada huanza Oktoba. Nataka vyama vyote vya msingi viwemo.

MWANDISHI WA PROGRAMU: Oktoba nitakupa kijiji kimoja. Vyote siahidi mpaka nimekiona kijiji hicho kikipita katika mnada mzima, pamoja na siku ambayo wakulima watakataa bei.